Mjadala: VAR Ligi Kuu Bara, ianze na mechi kubwa au isubiri timu zote 16?

Mleta mada

Wakuu, naleta hoja hii tuijadili kwa kanuni na hesabu, jezi tuziweke kando.

Kila msimu penalti tata zikiongezeka, kilio ni kimoja: leteni VAR, yaani waamuzi wa video. Visingizio vya zamani vimepungua. Bajeti ya 2024/25 ilisamehe VAT kwenye vifaa vya VAR, na Azam Media wana mkataba wa matangazo wa miaka 10, uliosainiwa 2021 kwa Sh225.6 bilioni, kwa hiyo kamera zinafika viwanjani. Ubishi uliobaki ni wa namna ya kuanza. Wapo wanaosema tuanze na dabi na mechi za viwanja vya Dar, yaani Mkapa, Chamazi na KMC Complex, halafu tupanue taratibu. Wapo wanaosema ligi ni moja, basi ziwe mechi zote 240 au tusianze kabisa.

Mimi nipo kundi la pili. Chukulia timu 4 zina viwanja vya nyumbani Dar. Kila moja itacheza na VAR mechi zake 15 za nyumbani na 3 za ugenini kwa wenzake wa Dar, jumla 18 kati ya 30. Timu ya Mbeya au Kigoma itaipata VAR mechi 4 tu, na zote ikiwa mgeni. Bao lake la kuotea akiwa Dar linafutwa, bao la kuotea analofungwa kwake linabaki. Hapo mnakuwa na kanuni mbili ndani ya msimamo mmoja.

Waingereza walilipata hili kwenye Kombe la FA. Machi 16, 2019, robo fainali, Swansea waliongoza 2-0 dhidi ya Manchester City wakapoteza 3-2. Penalti waliyopewa City ilikuwa ya utata na bao la ushindi la Agüero lilikuwa la kuotea. VAR haikuwepo kwa sababu mwaka ule ilitumika kwenye viwanja vya timu za Ligi Kuu pekee, na Swansea walikuwa daraja la pili. Raundi hiyohiyo, Wolves na Watford walikuwa nayo.

Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, kwa hoja hiyo hakuna jambo lingeanza duniani. AFCON 2019 ilitumia VAR kuanzia robo fainali tu, ile ya 2021 ikatumia mechi zote. Walianza na walichonacho. Ukisubiri Kigoma, Ruangwa na Babati wawe tayari siku moja, utasubiri miaka 10 huku watu wanafungwa mabao ya mkono.

Mleta mada

Robo fainali ni hatua, siyo uwanja. Timu zote 8 zilizofika pale ziliikuta VAR sawasawa, na aliyetoka makundi alitoka pamoja na wenzake bila VAR. Tofauti hiyo ndiyo ninayoisimamia. Ukiniambia VAR kwenye mechi za mchujo wa kushuka daraja, au kwenye Kombe la Shirikisho la TFF kuanzia nusu fainali, nakubali leo.

Fundi wa matangazo

Mnabishana mechi zipi kabla ya kuuliza picha zipi. Niweke mambo ya kamera, kwa sababu VAR haioni kitu ambacho kamera haikukipiga.

FIFA wana daraja dogo linaloitwa VAR nyepesi, la kamera 4 hadi 8. Kwa idadi hiyo, kila kamera inapokaa ni suala la kufa na kupona. Kamera ya kwanza ni ile kuu ya katikati, juu, inayoonyesha uwanja mpana. Ya pili inakaa pembeni yake na kuvuta karibu. Ya tatu na ya nne ndizo za maana kwa kuotea: zinakaa upande uleule wa kamera kuu, kila moja ikiwa usawa wa mstari wa mita 16.5, moja kulia nyingine kushoto. Ukiwa na kamera 4 tu na hizo mbili ukazipeleka nyuma ya magoli kwa ajili ya picha nzuri za kushangilia, umeua VAR yako ya kuotea hata kabla ya filimbi.

Halafu jukwaa. Viwanja vingi vya mikoani kamera kuu inapandishwa kwenye kiunzi cha mabomba. Mistari ya kuotea unayoiona kwenye TV haichorwi kwa macho. Programu inapimwa kwanza kwa alama zinazojulikana za uwanja: pembe za eneo la penalti, upana wake wa mita 40.32, nguzo za goli, mstari wa kati. Kipimo hicho kinafanyika kamera ikiwa imetulia pale ilipo. Mpiga picha akihamisha miguu ya kamera baada ya hapo, au upepo wa alasiri ukakitikisa kiunzi, mstari unahama na hakuna anayejua umehama. Kuna na hili la chokaa: mistari ikipakwa kwa mkono bila kamba, ikapinda hata sentimita 10, programu inaamini mstari uliopinda. Kabla ya kununua mashine, mnunulie mtunza uwanja kamba na futi ya kupimia.

Sasa hesabu ya kuotea. Kamera ya kawaida ya matangazo inapiga picha 50 kwa sekunde. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16 kati ya picha moja na inayofuata. Kama beki wa mwisho naye anapanda kuweka mtego kwa mita 4 kwa sekunde, pengo kati yao linabadilika sentimita 24 kwa picha moja. Kwa hiyo ukichagua picha ambayo mpira umeshaachia mguu badala ya ile ya mguso wa kwanza, umemhukumu mtu kwa kosa lako wewe. Ndiyo maana Qatar 2022 waliweka kihisio ndani ya mpira kinachotuma taarifa mara 500 kwa sekunde. Sisi hatutakuwa nacho. Tukubali mapema kwamba kuotea kwa vidole vya mguu hatutakuweza, na kanuni zetu ziseme hivyo: mistari ikigusana, uamuzi wa mshika kibendera ubaki.

Na jua. Mechi ya saa 10 jioni, kivuli cha jukwaa kinakata uwanja vipande viwili. Kamera ikifunguliwa kwa ajili ya kivuli, upande wa jua unaungua mweupe na namba za jezi hazisomeki. Ikibanwa kwa ajili ya jua, kivulini huoni mkono uko wapi. Anayerekebisha mwanga anatakiwa akae kwenye gari la matangazo dakika zote 90, na kazi yake iwe hiyo tu.

Mchangiaji, Temeke

Fundi, umesema vizuri, lakini Aprili 5, 2024 pale Loftus, Pretoria, Yanga dhidi ya Mamelodi Sundowns, robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kulikuwa na VAR kamili. Shuti la Aziz Ki likapiga mwamba, mpira ukadunda chini na kutoka nje. Refa hakwenda hata kwenye skrini. Yanga wakatolewa kwa penalti baada ya suluhu mbili. Sasa hiyo mashine inamsaidia nani?

Fundi wa matangazo

Mkuu, uchungu wa usiku ule unaeleweka, na nitajibu kwa vipimo kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanadanganywa na macho.

Mpira una mzingo wa sentimita 68 hadi 70, yaani kipenyo cha kama 22. Mstari wa goli hauzidi upana wa sentimita 12. Bao ni mpira wote, siyo nusu yake, uvuke mstari wote. Mpira unapodunda, unagusa ardhi kwa sehemu yake ya katikati tu. Kwa hiyo ili liwe bao kwa mpira ulio chini, pale unapogusa nyasi panatakiwa pawe angalau sentimita 11 nyuma ya ukingo wa ndani wa mstari. Ukidunda sentimita 8 nyuma, utaona kabisa nyasi za kijani kati ya mguso na chokaa, na bado sentimita 3 za mpira zinaning'inia juu ya mstari. Siyo bao.

La pili ni pembe. Kamera kuu iko katikati ya uwanja na iko juu. Mpira ukiwa hewani, kamera hiyo inauonyesha kana kwamba uko ndani zaidi ya goli kuliko ulivyo. Picha ya namna hiyo haiwezi kuthibitisha bao. Inayothibitisha ni kamera iliyokaa usawa kabisa wa mstari wa goli, na usiku ule teknolojia ya mstari wa goli haikuwepo. Bila picha ya wazi, itifaki inamwambia mtu wa VAR aache uamuzi wa uwanjani. Ndiyo maana nasema: kabla ya kudai VAR, daini kamera 2 za mstari wa goli, moja kila upande. Hizo ni kamera ndogo zisizohitaji mpiga picha, zinafungwa kwenye nguzo na kuelekezwa mstarini.

Na hata mfumo ghali unaweza kuziba macho. Juni 17, 2020, Aston Villa dhidi ya Sheffield United, kipa aliingia na mpira golini, saa ya refa haikutoa ishara ya bao. Kamera zote 7 za goli lile zilizibwa na wachezaji na nguzo kwa wakati mmoja.

Mchangiaji, Temeke

Nimekusoma kuhusu kipimo. Lakini refa kutokwenda kwenye skrini bado sikubali. Mamilioni wanatazama, nenda ukaangalie.

Mkufunzi wa waamuzi

Naomba nilijibu hilo kwa sababu ni kosa la uelewa lililoenea sana.

VAR, tangu IFAB, bodi inayotunga sheria za soka, waiidhinishe Machi 2018, imeanza na milango minne: bao, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi kupewa mchezaji asiyehusika. Refa lazima aamue kwanza. Haruhusiwi kupuliza na kusema "tuangalie kwanza." Mtu wa VAR anakagua kila tukio la aina hizo kimyakimya, na anazungumza pale tu anapoona kosa la wazi na dhahiri au tukio kubwa lililopita bila kuonekana. Jambo la kipimo, kama kuotea au mpira kuvuka mstari, refa anaambiwa jibu na haendi kwenye skrini. Jambo la tafsiri, kama kunawa mpira au nguvu ya faulo, ndilo linalompeleka pembeni. Kwa hiyo bao la mwamba kutopelekwa kwenye skrini ni utaratibu wa kawaida. Kilichopaswa kudaiwa ni picha zote zilizotumika zionyeshwe hadharani.

Sasa niseme kinachonitia wasiwasi kwetu, na siyo mashine.

Raundi moja ina mechi 8. Kwa sasa kila mechi ina waamuzi 4: wa kati, wasaidizi wawili na wa akiba. Hao ni 32. Ukiongeza mtu wa VAR na msaidizi wake kila mechi, unahitaji 16 zaidi, jumla 48 kwa raundi, na wote wawe wamefuzu mafunzo ya VAR na kupata idhini ya FIFA. Mafunzo hayo siyo semina ya siku 2 hotelini. Kuna mashine ya kuigiza, kuna mechi za mazoezi, halafu kuna mechi za kweli ambazo chumba cha VAR kinafanya kazi yote bila kuwasiliana na refa, kisha maamuzi yanalinganishwa. Hatua hiyo ndiyo watu wataitaka irukwe kwa sababu haionekani kwenye TV.

Na mawasiliano. Septemba 30, 2023, Tottenham dhidi ya Liverpool, Luis Díaz alifunga bao halali dakika ya 34. Mshika kibendera aliinua kibendera. Mtu wa VAR alidhani uamuzi wa uwanjani ni bao, akachora mistari, akaona hajaotea, akasema ukaguzi umekamilika. Kwa refa maneno hayo yalimaanisha kibendera kimethibitishwa. Mpira ukaanza, na ukishaanza huwezi kurudi nyuma kwa tukio la aina hiyo. Kamera zilikuwa sahihi, mistari ilikuwa sahihi, bao likapotea kwa sentensi moja. Dawa yake haigharimu hata shilingi: kila mazungumzo yaanze na refa kutamka uamuzi wake, "uwanjani nimetoa kuotea," na chumba kirudie, "uwanjani ni kuotea, nakagua." Wafundisheni waamuzi wetu kwa Kiswahili kilekile watakachokitumia presha ikipanda. Refa wa Songea na mwenzake wa Arusha hawana sababu ya kuokoteza Kiingereza dakika ya 90 wakati mashabiki wanarusha chupa.

Mchangiaji, Mwanza

Hapo umenigusa. Lakini mwisho wa siku refa akikosea, Kamati ya Saa 72, inayopitia matukio ya mechi, inamfungia mizunguko kadhaa, na pointi 3 hazirudi. Kumfungia refa kumemsaidia nani?

Mkufunzi wa waamuzi

Hakumsaidii aliyefungwa, kweli. Na kuna ubaya mwingine: refa anayejua kosa moja litamkalisha nje anaanza kuamua kwa hofu. Ukimpa VAR mtu mwenye hofu, ataacha kuamua. Atapuliza chochote akisubiri chumba kimwokoe, na kwa sababu chumba kinaingilia kosa la wazi tu, maamuzi yale ya katikati yatabaki mabaya kuliko mwanzo.

Mchangiaji, Nakuru

Ndugu zangu wa Tanzania, hamjambo. Azam wanaonyesha pia ligi yetu ya Kenya, ya FKF, tangu 2023, kwa hivyo hili linatuhusu sote.

Mnajadili kana kwamba kuna VAR ama hakuna. Kuna njia ya tatu na mimi nashangaa haitajwi. FIFA wana mfumo wa msaada wa video, FVS, uliotumika kwenye Kombe la Dunia la wanawake chini ya miaka 20 kule Colombia mwaka wa 2024. Msimu wa 2025/26 Serie C ya Italia na Liga F ya Uhispania wameuchukua. Uliundwa kwa ligi zenye kamera chache na pesa chache.

Unafanya kazi hivi. Hakuna chumba, hakuna refa wa video. Kila kocha ana maombi 2 kwa mechi. Akiona kosa kwenye mambo yale manne, anazungusha kidole hewani mara moja na kumpa mwamuzi wa akiba kadi ya ombi kabla mpira haujaendelea. Refa mwenyewe anaenda kwenye skrini pembeni, anaonyeshwa picha zilizopo, anaamua. Uamuzi ukibadilika, kocha anabaki na ombi lake. Usipobadilika, amelipoteza.

Hesabu yako ya waamuzi 16 wa ziada inaisha papo hapo. Unahitaji skrini moja, mtu mmoja wa kurudisha picha, na waya kutoka kwenye gari la matangazo. Mechi zote 240 zinawezekana.

Mleta mada

Hili limenifanya nifikiri upya. Kama kamera 4 au 5 za matangazo ziko kila uwanja, basi usawa ninaoudai unapatikana bila kusubiri. Nani anaona tatizo?

Kocha wa Championship (daraja la pili Tanzania)

Mimi naliona, na ni kubwa kwa benchi. Kocha amesimama usawa wa nyasi, katikati ya uwanja. Tukio la kona liko mita 45 kutoka kwake, watu 18 wamebanana. Hajui kama beki amenawa au mpira umempiga kifuani. Anaombwa aamue ndani ya sekunde chache, na ana maombi 2 tu. Atakachofanya ni kumsikiliza mchezaji wake, na mchezaji daima anaapa ameonewa. Maombi yote mawili yataisha kipindi cha kwanza, halafu dakika ya 88 mpinzani anapewa penalti isiyo halali na yeye hana kitu mkononi.

Timu kubwa zitaweka mtu jukwaani mwenye simu na matangazo, ampigie kocha, "omba" au "usiombe." Matangazo ya mtandaoni yanachelewa sekunde nyingi, kwa hiyo simu haitoshi, watataka waya wa moja kwa moja. Timu yenye pesa itaupata, ya mkoani haitaupata. Usawa umeuleta kwa mlango wa mbele, umetoka kwa dirisha.

Nasema mfumo uje, ila kanuni iseme wazi: ama mabenchi yote mawili yapewe skrini ileile, ama hakuna benchi litakaloruhusiwa. Na kocha afundishwe kutunza. Utaratibu unaofaa ni huu: ombi la kwanza ni kwa penalti au kadi nyekundu tu, kwa sababu hizo zinabadilisha mechi. La pili halitumiki kabla ya dakika ya 70 isipokuwa bao limeingia. Mchezaji mmoja, nahodha au kipa, ndiye pekee anayesikilizwa na benchi. Akimdanganya kocha mara mbili, anavuliwa jukumu hilo.

Mchangiaji, Nakuru

Kocha, hoja ya skrini nakubaliana nayo mia kwa mia. Ila kumbuka refa akiwa na makosa mawili makubwa kwa kila timu yanayoweza kusahihishwa, hayo ni mengi kuliko yanayosahihishwa leo, ambayo ni sifuri.

Mjuzi wa kanuni

Mmesahau maandishi. Mfumo wowote ukija, Bodi ya Ligi lazima iandike haya kabla ya raundi ya kwanza, siyo baada ya mgogoro.

Mashine ikizima, je? Itifaki ya IFAB iko wazi kwamba mechi haifutwi kwa sababu VAR imeharibika, wala kwa sababu VAR imekosea, wala kwa sababu refa hakukagua. Fainali ya A-League ya Australia, Mei 5, 2018, picha zilikatika kwenye chumba cha VAR, bao la kuotea la Melbourne Victory likabaki, wakatwaa ubingwa 1-0 dhidi ya Newcastle Jets. Matokeo hayakuguswa. Kwetu, kama kanuni haisemi hivyo kwa Kiswahili cha wazi, umeme ukikatika Uwanja wa Sokoine, Mbeya, dakika ya 60, siku inayofuata kuna barua ya rufaa inayodai mechi irudiwe.

Kwa hiyo iandikwe: mfumo ukizima, mwamuzi wa akiba anawaarifu makocha wote wawili kwa wakati mmoja, muda unaandikwa kwenye ripoti ya kamishna, mechi inaendelea. Ukirudi, wanaarifiwa tena. Jenereta na betri za akiba vijaribiwe saa 3 kabla ya mechi kwa kuzima umeme kweli, siyo kwa kuuliza kama vipo. Betri ndizo zinazobeba vile vitambo kati ya umeme kukatika na jenereta kushika, na hapo ndipo programu za mistari huzimika na kupoteza kipimo chote.

Adhabu nazo zijulikane. Kwa VAR, mchezaji anayechora mstatili hewani kwa fujo kudai marejeo ni kadi ya njano. Anayeingia eneo la skrini ya refa ni njano. Anayeingia chumba cha VAR ni nyekundu. Viongozi wetu wa timu wana mazoea ya kuzunguka meza ya kamishna, kwa hiyo eneo la skrini liwekewe uzio na askari wawili, na lisiwe jirani na benchi la mwenyeji.

Mchangiaji, Temeke

Na mashabiki? Tumekaa Mkapa watu 60,000, refa anasimama na kidole sikioni dakika 4, hatujui kinachoendelea. Sweden walikataa VAR 2024 kwa sababu klabu zinazomilikiwa na wanachama wao ziliikataa. Norway klabu zilipiga kura Januari 2025 kutaka iondolewe, shirikisho likaamua Machi ibaki. Siyo watu wasiopenda haki wale. Wamechoka kushangilia bao kwa mashaka.

Mkufunzi wa waamuzi

Hoja hiyo ni nzito kuliko inavyochukuliwa. Kwenye Kombe la Dunia la wanawake 2023 waamuzi walitangaza maamuzi kwa kipaza sauti uwanjani. Kwetu ni rahisi kuliko wengi kwa sababu uwanja mzima unaelewa lugha moja. Refa anahitaji sentensi mbili tu: "Baada ya marejeo, mchezaji namba 5 wa timu ya bluu amenawa mpira ndani ya eneo la penalti. Uamuzi wa mwisho ni penalti." Hakuna maelezo mengine, hakuna kubishana na jukwaa. Sentensi zenyewe ziandikwe mapema kwa kila aina ya tukio, refa azikariri.

Mchangiaji, Mwanza

Basi narudi kwa mleta mada. Nilisema tuanze na mechi kubwa. Naona sasa kosa langu liko wapi: raundi 2 za mwisho mechi zote 8 huchezwa kwa wakati mmoja ili timu zisipangiane matokeo. Ukiwa na mashine 2, siku hiyo utazipeleka kwenye ubingwa, na wanaopigania kushuka daraja watabaki na macho ya refa peke yake. Aliye hatarini kupoteza udhamini na ajira za wachezaji ndiye anayenyimwa. Nakubali tuanze na mfumo wa maombi viwanja vyote, VAR kamili ije waamuzi wakitosha.

Fundi wa matangazo

Kwa masharti ya kamera niliyosema. Mfumo wa maombi kwenye uwanja wenye kamera 3, zote upande mmoja na hakuna ya mstari wa goli, utamfanya refa atembee mita 40 kwenda kutazama kitu kisichoonekana, mbele ya watu wanaodhani kimeonekana. Nyepesi kuliko zote ni kuanza nusu msimu wa kwanza bila kumpa refa skrini: picha zirekodiwe, baada ya kila raundi ihesabiwe ni matukio mangapi picha zilitoa jibu na mangapi hazikutoa, na uwanja usiopata majibu uongezewe kamera.

Mleta mada

Nimebadilisha msimamo: mfumo wa maombi, viwanja vyote, baada ya nusu msimu wa majaribio makavu. Tusiende kwa TFF na Bodi ya Ligi mikono mitupu. Wa Kigoma, Ruangwa, Babati, Singida, Tanga na Mbeya, mechi ijayo ya nyumbani hesabuni kamera na muandike hapa: ziko ngapi, kuna iliyo usawa wa mstari wa mita 16.5 kila upande, kuna yoyote usawa wa mstari wa goli, na ile kuu imekaa juu ya zege au juu ya mabomba.